Timu Iliyoishi kwa Kupanga: Kisa cha Arizona Coyotes

Aprili 18, 2024, wamiliki wa timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu inayochezwa Marekani na Kanada, waliidhinisha jambo ambalo kwa macho ya mtu yeyote lilikuwa ni timu kuhama, lakini ambalo katika vitabu vya ligi liliandikwa kuwa ni timu mpya kuzaliwa. Wachezaji wote wa Arizona Coyotes, pamoja na mikataba yao na haki za timu za kuchagua chipukizi, walikwenda Salt Lake City, jimboni Utah, kwa Ryan Smith, mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Utah Jazz. Jina, nembo na historia ya Coyotes vilibaki Arizona mikononi mwa Alex Meruelo, ambaye alipewa miaka mitano ya kujenga uwanja, na kama angeujenga, ligi ingemrudishia timu kwa njia ya upanuzi, yaani kuongeza timu mpya katika ligi. Smith alilipa dola bilioni 1.2. Bilioni moja ilikwenda kwa Meruelo na milioni 200 wakagawana wamiliki wengine wa ligi.

Sharti alilowekewa Meruelo lilikuwa la jengo tu. Hakuambiwa atafute mashabiki zaidi, na asingeweza kuambiwa hivyo, kwa sababu Phoenix na miji inayoizunguka ina watu wapatao milioni tano, ilhali eneo la Salt Lake City halifikii hata theluthi moja ya idadi hiyo. Kwa kipimo cha soko peke yake, uamuzi ule unaonekana kama mtu aliyefunga duka sokoni Kariakoo akaenda kulifungua kijijini. Uchambuzi huu unajaribu kuonyesha kwamba uamuzi ule una mantiki pale tu tunapoacha kuhesabu watu na kuanza kuuliza nani alikuwa ameshika funguo za ukumbi katika kila kituo ambacho timu hii ilipitia kwa miaka 28. Mimi naona kwamba ukame wa jangwa, joto la Arizona na madai kwamba watu wa huko hawapendi hoki ni maelezo ya juujuu. Coyotes walikufa kwa sababu hawakuwahi kuishi katika nyumba yao.

Ili uzito wa hoja hii uonekane, lazima kwanza kueleza timu ya NHL inavyopata riziki. Katika miaka ya Coyotes msimu ulikuwa na mechi 82, na 41 kati ya hizo zilichezwa nyumbani. Fedha za televisheni zipo, lakini hazikaribii zile za ligi ya mpira wa Kimarekani, kwa hiyo timu ya hoki hutegemea sana mapato ya getini na yale yanayofuatana nayo, yaani maegesho ya magari, vyakula na vinywaji, mabango, vyumba vya VIP ambavyo makampuni hukodi kwa mwaka mzima, na haki ya kuuza jina la uwanja. Kisha kuna siku zaidi ya 300 za mwaka ambazo timu haichezi nyumbani, na katika siku hizo mwenye ukumbi anaweza kuweka tamasha la muziki, ndondi, mkutano wa dini au maonyesho ya biashara. Anayeshika funguo ndiye anayeamua fedha hizo ziingie mfuko gani, na timu iliyopanga hupata kile tu ambacho mkataba wa pango umeiachia. Huku kwetu wanaoujua ukweli huu kwa karibu ni vijana wa Kenya Ice Lions jijini Nairobi, ambao nchi yao ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu mwaka 2024, na ambao mchezo wao ulikulia juu ya barafu ya hoteli moja ya Barabara ya Mombasa, mali ya mtu mwingine.

Kiti kisichoona goli

Timu hii ilianzia Winnipeg, nchini Kanada, mwaka 1972, ikiitwa Jets, katika ligi iliyokuwa ikishindana na NHL, na ikaingia NHL mwaka 1979. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa ikicheza katika jengo la mwaka 1955, ikiuza tiketi kwa dola ya Kanada iliyoshuka thamani na kulipa mishahara kwa dola ya Marekani. Mwaka 1996 Richard Burke na Steven Gluckstern waliihamishia Phoenix na kuipa jina la Coyotes. Miongoni mwa wachezaji waliofunga safari hiyo alikuwa kijana wa miaka 19, Shane Doan, ambaye baadaye angekuwa nahodha na kucheza misimu yake yote 21 kwa timu hiyo moja.

Walifikia katika America West Arena, ukumbi uliofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1992. Hati ya jengo ilikuwa ya jiji la Phoenix, lakini waliouendesha walikuwa Phoenix Suns, timu ya mpira wa kikapu, na ukumbi ulichorwa tangu mwanzo kwa vipimo vya mchezo wao. Vipimo hivyo vinastahili kuangaliwa. Uwanja wa mpira wa kikapu una urefu wa takriban mita 29 na upana wa mita 15. Barafu ya NHL ina urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Mchoraji anayetaka watazamaji wa kikapu wakae karibu na mchezo huyavuta majukwaa yote kuelekea katikati, na kila hatua anayoyasogeza ni hatua anayoinyima barafu. Ulipofika wakati wa kuigandisha barafu ndani ya ukumbi ule, majukwaa ya juu ya upande mmoja yalijikuta yananing'inia juu ya uwanja wenyewe. Mtazamaji aliyeketi huko aliona migongo ya waliokaa mbele yake, kisha ukingo wa zege, kisha barafu ikikatika kabla ya kufika golini. Goli la upande wake hakuliona kabisa. Alijua kwamba kisahani wanachochezea kimeingia wavuni kwa kusikia honi na kuona watu wa ng'ambo wakiinuka vitini. Viti vyenye kasoro ya namna hiyo vilikuwa maelfu, katika ukumbi uliobeba watu 16,210 tu siku ya hoki.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ni nadra kupata mfano unaolingana na maneno hayo kwa sentimita kama ukumbi ule. Hata hivyo kasoro ya viti ilikuwa nusu tu ya tatizo. Mwenye timu angeweza kuamka asubuhi akiwa na fedha mkononi na nia ya kuvunja jukwaa lile na kulijenga upya, na bado asingeweza, kwa sababu jengo halikuwa lake na waliouendesha walikuwa wanauza tiketi za mchezo mwingine, wenye kalenda yake na wateja wake wa VIP. Mpangaji akiona paa linavuja humpigia simu mwenye nyumba, na mwenye nyumba ambaye chumba chake yeye hakivuji hana haraka.

Glendale, ambako mwenye nyumba alimlipa mpangaji

Mwaka 2001 timu ilinunuliwa na kundi lililoongozwa na Steve Ellman, mwendelezaji wa ardhi na majengo, akiwa pamoja na Wayne Gretzky, mchezaji anayehesabiwa na wengi kuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza mchezo huu. Ellman alitaka kujenga Scottsdale, upande wa mashariki, mahali palipokuwa na jengo la maduka lililokufa. Mpango huo haukufika popote, akageukia Glendale, mji wa upande wa magharibi wenye wakazi wasiofika 260,000. Glendale ilitoa dola milioni 180 za ujenzi, ukumbi ukafunguliwa Desemba 26, 2003, na timu ikasaini mkataba wa miaka 30.

Safari hii ukumbi ulikuwa umechorwa kwa ajili ya hoki na kila kiti kiliona barafu. Lakini ulikaa upande usiokuwa na wateja. Wanunuzi wengi wa tiketi za msimu na makampuni yanayokodi vyumba vya VIP walikuwa mashariki, Scottsdale na Tempe, na mechi ya saa moja jioni siku ya kazi iliwalazimu kuvuka bonde zima la Phoenix katika foleni ya magari. Swali la kwa nini timu ilikwenda kujenga mbali na wateja wake lina jibu fupi: ilikwenda palipotolewa fedha. Ellman alikuwa na maslahi katika maduka na majengo ya Westgate yaliyozunguka ukumbi, na mwaka 2006 alipoachana na mshirika wake, Jerry Moyes, yeye alibaki na Westgate na Moyes akabaki na timu. Ardhi ikawa na mtu mmoja, timu ikawa na mwingine, na ukumbi ukabaki wa mji. Kwa maoni yangu huo mgawanyo ndio uliokuwa kilele cha kosa, ingawa siku ile huenda ulionekana kuwa jambo la kawaida la kibiashara, kwa sababu kuanzia hapo mwenye kubeba hasara ya mechi hakuwa na sehemu katika faida ya chochote kilichouzungukia mchezo.

Mei 5, 2009, Moyes aliipeleka timu katika mahakama ya ufilisi, akiwa na mnunuzi tayari. Huyo alikuwa Jim Balsillie wa kampuni iliyotengeneza simu za BlackBerry, aliyeahidi dola milioni 212.5 kwa sharti kwamba timu ihamie Hamilton, jimboni Ontario. Ligi ilipinga kwa nguvu zote, ikisema kwamba mahali pa timu huamuliwa na ligi wala si na mnunuzi au mahakama. Jaji Redfield T. Baum aliikataa ofa ya Balsillie, na mwishoni mwa mwaka huo NHL yenyewe ikainunua timu kwa dola milioni 140. Kwa misimu minne ligi ikawa mmiliki wa timu mojawapo kati ya zile inazozisimamia. Inafaa kukumbuka kwamba katika kipindi hichohicho, mwaka 2012, timu isiyo na mwenyewe ilifika fainali ya kanda ya Magharibi, na kumbi zikajaa. Wanaosema Arizona haina watu wa hoki hawautaji mwaka huo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo sijaona mfano wake mzuri zaidi mahali pengine. Ligi haikutaka kubeba gharama za ukumbi, na Glendale iliogopa kubaki na jengo tupu na deni la ujenzi. Kwa hiyo mji ulikubali kuilipa NHL dola milioni 25 kwa mwaka, kwa misimu miwili, zikiitwa ada ya kuendesha ukumbi. Mkataba wa pango ukawa umepinduliwa miguu juu kichwa chini, mwenye nyumba akawa anamlipa mpangaji ili asihame. Mnunuzi mmoja kutoka Chicago, Matthew Hulsizer, alikaribia kuichukua timu kwa mpango ambao mji ungeuza hati fungani na kumlipa dola milioni 100 kwa ajili ya haki za maegesho. Taasisi ya Goldwater, taasisi ya utafiti na utetezi ya huko Arizona, ikatishia kwenda mahakamani kwa kutumia kifungu cha katiba ya Arizona kinachokataza fedha za umma kugeuzwa zawadi kwa mtu binafsi, na mpango ukafa mwaka 2011.

Julai 2, 2013, baraza la mji lilipitisha kwa kura 4 dhidi ya 3 mkataba mwingine na wamiliki wapya, wa dola milioni 15 kwa mwaka kwa miaka 15. Mwaka uliofuata timu ilibadili jina kutoka Phoenix kuwa Arizona Coyotes. Haikupita miaka miwili, Juni 10, 2015, baraza lilipiga kura 5 dhidi ya 2 kuuvunja mkataba huohuo, likitumia sheria ya jimbo kuhusu mgongano wa maslahi, kwa madai kwamba watu waliokuwa maofisa wa mji walikuwa wameajiriwa na timu. Pande mbili zilipatana kwa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 6.5 kwa mwaka. Baada ya hapo uendeshaji wa ukumbi ulikabidhiwa kwa kampuni nyingine, na Coyotes wakawa wapangaji wa mwaka hadi mwaka.

Sioni sababu ya kumlaumu upande mmoja peke yake hapa. Madiwani waliovunja mkataba walikuwa wanalinda fedha za walipakodi wa mji mdogo uliojitwisha mzigo wa jiji kubwa. Wamiliki wa timu nao walikuwa wanaishi kwa ada ambayo ilikuwa ruzuku iliyovalishwa jina la kazi, na ruzuku inayotegemea kura ya diwani mmoja haiwezi kuwa msingi wa kusajili mchezaji kwa miaka minane. Hasara halisi iliangukia watu waliokata tiketi kila msimu wakiwa hawajui kama watakata nyingine.

Alex Meruelo aliinunua timu mwaka 2019. Agosti 2021 Glendale ilitangaza kwamba haitaendelea na mkataba baada ya msimu wa 2021–22, kwa kuwa ukumbi ungetumika kwa matamasha na matukio mengine makubwa. Desemba ya mwaka huohuo mji ulitishia kuwafungia milango kwa sababu ya malipo yaliyochelewa, likiwemo deni la kodi la zaidi ya dola milioni 1.3. Deni lililipwa upesi, lakini hakuna mwenye nyumba anayesahau barua ya namna hiyo.

Ukumbi wa wanafunzi na kura ya Tempe

Kurudi katikati ya jiji kulikuwa hakuwezekani. Mwaka 2019 jiji la Phoenix lilikuwa limekubali kuchangia dola milioni 150 kuukarabati ukumbi wa Suns, na ukarabati huo ulifanywa kwa ajili ya mpira wa kikapu bila hoki kuwamo. Mwenye funguo wa mwaka 1996 alikuwa bado ndiye mwenye funguo.

Ndipo timu ya ligi kuu ilipokwenda kupanga kwa wanafunzi. Mullett Arena, ukumbi mpya wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona mjini Tempe, unachukua watazamaji wapatao 4,600 wa hoki, wakati kumbi za kawaida za NHL huchukua 17,000 au 18,000. Mechi ya kwanza ilichezwa Oktoba 28, 2022, na wageni walikuwa Winnipeg Jets, timu nyingine iliyorithi jina lile la zamani, waliokwenda na ushindi wa 3 kwa 2 katika muda wa nyongeza. Jengo la nyongeza la vyumba vya kubadilishia nguo lilikuwa halijakamilika, na wachezaji wa kulipwa walivaa viatu vyao vya kuteleza katika vyumba vya muda vilivyowekwa kwenye uwanja wa mazoezi ulio jirani. Waliofika ukumbini walisema ulikuwa na kelele na furaha isiyo ya kawaida, na naamini hivyo, maana hakukuwa na kiti cha mbali. Lakini hesabu haidanganyi. Ukumbi ukijaa mara 41 kwa watu 4,600, bado ni robo tu ya kile ambacho mshindani wako anauza.

Ukumbi ule ulitakiwa kuwa daraja la kuvukia. Meruelo alikuwa amepanga, kwa mara ya kwanza katika historia ya timu hiyo Arizona, kujenga mwenyewe. Mradi wa dola bilioni 2.1 ulikusudiwa kukaa juu ya ekari 46 za mji wa Tempe zilizokuwa dampo la taka, ukiwa na ukumbi wa watu 16,000, hoteli, ofisi na nyumba karibu 2,000 za makazi. Jengo lingejengwa kwa mtaji binafsi, huku mji ukitoa misamaha ya kodi na utaratibu wa kugharimia usafishaji wa dampo. Baraza la Tempe liliunga mkono kwa kauli moja na kuupeleka kwa wananchi. Jiji la Phoenix likapinga mahakamani, kwa sababu nyumba zile zingekaa chini ya njia ya ndege za uwanja wa Sky Harbor. Mei 16, 2023, wakazi wa Tempe waliyakataa mapendekezo yote matatu kwa takriban asilimia 56 ya kura.

Nimewahi kusikia kura hiyo ikitajwa kama ushahidi wa mwisho kwamba Arizona iliikataa hoki. Mimi nadhani wapiga kura walijibu swali walilokuwa wamejifunza kuliuliza kwa kuitazama Glendale, upande wa pili wa bonde, kwa miaka 20. Walikuwa wameona mji mmoja ukilipa ili upangishe. Mtu aliyewaambia kwamba safari hii mambo ni tofauti, kwamba safari hii timu itabeba jengo lake, alikuwa anasema kweli kwa sehemu kubwa, lakini alikuwa anaitwa Coyotes, na jina hilo lilikuwa limeshachoka.

Wenye majengo na wasio nayo

Kisa kimoja hakitoshi kuthibitisha kanuni, lakini majirani wa kisa hiki wanasimama upande mmoja. Winnipeg, mji ulioipoteza timu hii mwaka 1996, ulirudi NHL mwaka 2011. Kampuni ya True North ilikuwa imefungua ukumbi wake yenyewe mwaka 2004, wenye viti 15,004, mdogo kuliko wote katika ligi wakati timu iliporejea. Timu iliyopelekwa huko ni Atlanta Thrashers. Wamiliki wa Thrashers walikuwa pia na timu ya kikapu ya Hawks na haki ya kuendesha ukumbi, nao walipoamua kujitoa katika hoki waliuza timu na kubaki na ukumbi. Mnunuzi ambaye angetaka kuibakiza Atlanta angeanza maisha akiwa mpangaji wa watu walioshindwa na timu hiyohiyo, na hakujitokeza mtu wa kufunga biashara hiyo. Mji wenye watu wachache na ukumbi mdogo ukaushinda mji wa mamilioni kwa sababu funguo na timu zilikuwa katika mfuko mmoja.

Upanuzi wa miaka ya karibuni umefuata njia hiyohiyo. Las Vegas ilipewa timu Juni 2016 kwa ada ya dola milioni 500, miezi miwili baada ya T-Mobile Arena kufunguliwa kwa fedha za makampuni ya MGM na AEG, na kundi la Bill Foley, mwenye timu, lina hisa katika ukumbi. Vegas nayo iko jangwani, na timu yake ilifika fainali katika msimu wake wa kwanza na kutwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, mwaka 2023. Seattle, iliyokubaliwa mwaka 2018 kwa milioni 650, inatufundisha tofauti ambayo ni muhimu kuishika vizuri, nayo ni kwamba hati ya jengo si lazima iwe ya timu. Ukumbi wa Seattle ni mali ya jiji, lakini zaidi ya dola bilioni moja za kuujenga upya chini ya paa lake la mwaka 1962 zilikuwa za watu binafsi walioungana na wamiliki wa timu, na wao ndio wanaouendesha kwa mkataba mrefu. Glendale nayo ilikuwa na hati. Kilichopishanisha miji hiyo miwili ni nani anayeamua na nani anayevuna, wala si jina lililoandikwa kwenye daftari la ardhi. Houston, jiji la nne kwa wingi wa watu Marekani, halina timu ya NHL hadi leo, na kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa mkataba wa Toyota Center, ambao uliwapa wenye timu ya kikapu ya Rockets uwezo wa kuzuia timu ya hoki isiyo yao.

Kasoro ileile katika mikono mingine

Ryan Smith aliinunua Utah Jazz mwaka 2020 kwa dola bilioni 1.66, ukumbi wa Delta Center ukiwamo. Januari 2024 aliiomba NHL rasmi ianzishe mchakato wa upanuzi. Machi mwaka huohuo sheria ya jimbo ilipitishwa, ya kuruhusu jiji kuongeza kodi ya mauzo kwa nusu asilimia, hadi dola milioni 900, kwa ajili ya ukumbi na eneo linalouzunguka, na Oktoba baraza la Salt Lake City likaikubali. Wananchi hawakupigiwa kura ya moja kwa moja kama Tempe. Hilo linanikera. Mradi uliotegemea zaidi mfuko binafsi ulipelekwa kwenye sanduku la kura ukafa, na ule uliotegemea kodi ya kila mnunuzi wa sabuni ulipita katika vikao vya wawakilishi.

Machi 26, 2024, Josh Doan, mtoto wa nahodha Shane, mzaliwa wa Scottsdale aliyecheza hoki ya chuo kikuu katika ukumbi uleule wa Mullett, alivaa jezi ya Coyotes kwa mara ya kwanza na kufunga mabao mawili. Aprili 17 timu iliwafunga Edmonton Oilers 5 kwa 2. Kesho yake ikauzwa. Meruelo alibaki akisubiri mnada wa ardhi ya serikali kaskazini mwa Phoenix, uliopangwa kufanyika Juni 27. Siku chache kabla, mamlaka ya ardhi ya jimbo iliufuta, na ndani ya wiki hiyo Meruelo akaisalimisha haki yake ya kurudishiwa timu.

Delta Center ilifunguliwa mwaka 1991, mwaka mmoja kabla ya ukumbi wa Phoenix, na ilichorwa kwa ajili ya mpira wa kikapu. Ilipogandishwa barafu katika msimu wa 2024–25, viti vinavyoona uwanja wote vilikuwa 11,131 kati ya zaidi ya 16,000, na vilivyobaki, kule juu nyuma ya magoli, viliona goli moja tu, kama vile vya America West Arena mwaka 1996. Smith hakulificha jambo hilo. Viti hivyo viliuzwa waziwazi kama viti vya goli moja, kwa bei ya chini, na watu wakavinunua. Mwaka 2025 mafundi waliingia ukumbini wakaanza kuinua sakafu na kuyasogeza majukwaa, ili kila msimu viti vinavyoona magoli yote mawili viongezeke. Hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa timu ya mpira wa kikapu. Mwenye timu hiyo ndiye aliyewaita.